Bandu Bandu Huisha Gogo

Katika sensa ya mwaka 2024 Uganda ilihesabiwa kuwa na watu milioni 45.9, na makarani walitumia kompyuta za mkononi badala ya karatasi. Kijana wako anayesoma katika Chuo Kikuu cha Kyambogo huenda kesho akakabidhiwa faili kubwa ya namna hiyo. Je, ataimudu?

Tuseme habari za kila mtu ni herufi 1,000. Faili nzima itakuwa na herufi bilioni 45.9. Kompyuta ina ghala na ina meza. Ghala, yaani diski, huweza kuihifadhi yote. Lakini meza ya kufanyia kazi, ambayo ndiyo kumbukumbu, katika mashine nyingi za wanafunzi hutosha herufi bilioni 8 tu. Ikiamriwa kuifungua faili yote kwa mara moja, mashine huzubaa, programu hufa, na kazi ya usiku kucha hupotea.

Hakuna mama amwagaye gunia zima la maharagwe katika ungo mmoja. Huchota, huchagua, humimina chunguni, kisha huchota tena. Kompyuta nayo iamriwe hivyo: isome mistari 10,000, itoe kinachotakiwa, iiondoe mezani, ndipo isome mingine. Atakaye idadi ya watu wa kila wilaya hana haja ya kuwaweka wote mezani. Hesabu moja kwa kila wilaya yatosha. Na atakaye kupanga majina kwa alfabeti ayagawe mafungu, apange kila fungu na kulirudisha ghalani, kisha ayaunganishe kwa kulinganisha majina yaliyo mbele ya kila fungu.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wapatao milioni 63 kwa mashine za Herman Hollerith. Kila mtu alikuwa na kadi yake yenye matundu. Mashine ilisoma kadi moja, mshale wa hesabu ukasogea, kadi ikawekwa kando.

Hata hivyo, kugawa si kukata. Mwaka 2020 huko Uingereza, orodha za wagonjwa wa korona ziliingizwa katika faili ya Excel ya namna ya zamani, isiyopokea zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilipotea kimya kimya. Wagonjwa 15,841 waliopaswa kutangazwa kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba waliachwa nje ya hesabu, na watu waliokutana nao wakachelewa kuonywa.

Sajenti huhesabu askari wake kabla ya doria na baada ya doria. Kijana naye ahesabu mistari kabla ya kugawa faili, na aihesabu tena amalizapo. Jumla hizo mbili zisipolingana, asikabidhi kazi hiyo kwa mkuu wake. Mstari uliopotea waweza kuwa mshahara wa askari, au matokeo ya mtihani wa mtoto wake.