Mzani wa mpiga taipu wa nyumbani uko mikononi mwa nani?

MCHUMA majani chai wa Kericho hulipwa kwa kilo. Hubeba mzigo wake hadi kituoni, akasimama mbele ya mzani na kusoma uzito kwa macho yake mwenyewe. Akihisi amepunjwa, hulalama papo hapo, na nyuma yake kuna chama cha wafanyakazi ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikijadiliana na wenye mashamba kuhusu ujira. Kijana anayepiga taipu usiku wa manane katika chumba cha kukodi mtaani Kayole, Nairobi, au Langas, Eldoret, naye hulipwa kwa kipimo: kwa ukurasa, kwa dakika ya sauti, au kwa kila mstari wa data aliojaza. Tofauti ni kwamba mzani wa kazi yake hajawahi kuuona, wala hajui ni nani anayeushika.

Hilo ndilo suala zito katika kazi za mtandaoni za kufanyia nyumbani, na ndilo linalozungumziwa kwa nadra mno. Mjadala humu nchini umeelekezwa zaidi katika jinsi ya kuzipata kazi zenyewe. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka wa 2008, ilizitaja huduma zinazofanywa kwa niaba ya kampuni za ng'ambo kuwa mojawapo ya sekta sita za kuinua uchumi. Mwaka uliofuata, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na nchi ikaanza kuondokana na intaneti ya setilaiti iliyokuwa ghali na ya kujikokota. Mnamo 2016 serikali ikaanzisha mpango wa Ajira Digital, uliolenga kuwawezesha zaidi ya vijana milioni moja kupata kazi za aina hiyo. Utawala ulioingia mamlakani mwaka wa 2022 nao ukaahidi kutandaza kilomita 100,000 za nyaya za intaneti na kuweka kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 nchini.

Katika mipango hiyo yote, kijana huahidiwa mafunzo, tarakilishi na intaneti. Kinachofuata baada ya kuketi na kuanza kubonyeza vitufe huachiwa yeye na mteja asiyemjua.

Ni vyema kuieleza kazi yenyewe ilivyo, maadamu wengi huisikia tu kwenye matangazo. Kuingiza data ni kunakili majina, bei, anwani au tarehe kutoka kwa nyaraka zilizopigwa picha na kuzipanga katika jedwali. Kazi nyingine ni kusikiliza mahojiano, mihadhara au mikutano iliyorekodiwa na kuandika kila neno. Hii ya pili ndiyo yenye mtego. Saa moja ya sauti humchukua mwandishi mzoefu takriban saa nne kuiandika, na zaidi iwapo wasemaji wanaingiliana au lafudhi yao ni ngeni kwake.

Tuseme malipo ni senti 40 za dola kwa kila dakika ya sauti. Mwenye tangazo huandika kwamba kazi inalipa dola 24 kwa saa, na kwa hesabu yake hajadanganya, kwa kuwa dakika 60 zikizidishwa kwa senti 40 ni dola 24. Ila saa anayoizungumzia ni ya sauti, si ya mfanyakazi. Mgeni wa kazi atakayetumia saa nane kuikamilisha atakuwa amepata dola tatu kwa saa, kabla ya ada ya jukwaa, gharama ya kubadilisha fedha na kuzihamishia M-Pesa, bando za intaneti na umeme. Hata hizo tatu ni iwapo kazi itakubaliwa. Mkaguzi akiamua kwamba haikufikia kiwango, ujira hupunguzwa au hukosekana kabisa, na aghalabu hakuna maelezo ya maana yanayotolewa.

Kuna pia saa ambazo hazihesabiwi popote: za kupitia matangazo, kuandika maombi, kufanya majaribio na kungoja. Upwork, jukwaa lililochukua jina hilo mwaka wa 2015 baada ya kuungana kwa Elance na oDesk, lilianza mwaka wa 2019 kuuza tiketi za kuombea kazi kwa senti 15 za dola kila moja. Ombi moja huweza kula tiketi kadhaa, na anayekosa kazi hiyo huenda asirejeshewe kitu.

Hapa ndipo ushauri uliozoeleka, kwamba usitoe hata ndururu ili upate kazi, unapoanza kuyumba. Iwapo jukwaa halali nalo hutoza, barobaro wa kijijini atamtambuaje tapeli? Jibu liko katika chimbuko la fedha. Katika kazi ya kweli, fedha hutoka kwa mteja anayehitaji nyaraka zake ziandikwe. Katika ulaghai hakuna mteja. Fedha zote zinazozunguka hutoka mifukoni mwa waombaji wenyewe. Kwanza huitishwa ada ya usajili, kisha ya mafunzo, kisha ya kile kinachoitwa kufungua akaunti, zote zikitumwa kwa nambari ya simu ambayo baadaye haipatikani. Werevu zaidi miongoni mwa matapeli humlipa mhasiriwa kiasi kidogo kwanza ili apate imani, ndipo wakamtaka aweke amana kubwa ili apandishwe ngazi na kupewa kazi zenye donge nono. Hakuna mwajiri wa mpiga taipu anayehitaji amana ya mpiga taipu. Jukwaa halali nalo, hata likitoza ada ya kuomba, halimhakikishii mtu kwamba kazi ataipata. Anayeuza hakikisho hilo ndiye wa kuogopwa.

Njia nyingine inayotumiwa na wengi, ijapokuwa haisemwi hadharani, ni kukodi akaunti. Baadhi ya majukwaa huyafungia mataifa ya Afrika, na mengine huwatengea wakazi wa Marekani na Uingereza kazi zenye malipo bora. Hivyo hununuliwa au kukodishwa akaunti yenye jina la mtu wa huko. Mwenye jina hubaki na fungu lake la mapato, na akitaka hubadilisha nywila na kutoweka na yote. Aliyefanya kazi hana pa kulilia, maana kwa mujibu wa rekodi za jukwaa hayupo. Isitoshe, huenda akajipata pabaya chini ya sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018, ambayo huharamisha kujifanya mtu mwingine kwa ulaghai.

Sheria za leba za Kenya, kinyume na inavyodhaniwa, si ngeni kwa kazi ya aina hii. Sheria ya Uajiri ya 2007 inaitambua kazi inayolipwa kulingana na kiasi kilichofanywa bila kujali muda uliotumika. Amri ya mishahara ya kima cha chini nayo humtaja mpiga taipu waziwazi, tena katika kundi moja na mwuzaji wa dukani, mwendesha mashine ya kuokea mikate na dereva wa magari madogo. Mtu huyo huyo akihamishia tarakilishi yake nyumbani na kumpigia taipu mteja wa Toronto, jina lake hufutika katika orodha hiyo. Mkataba alioubonyeza bila kuusoma unamwita mwanakandarasi huru. Hana likizo, hana notisi, hana kima cha chini.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtoza ushuru humwona vyema. Marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa Desemba 2024 yaliwataka wenye majukwaa ya mtandaoni wakate kodi katika malipo wanayotoa au wanayowezesha. Serikali, kwa maneno mengine, ina uwezo wa kulifikia jukwaa la ng'ambo inapotaka chake. Uwezo huo haujatumiwa kuuliza iwapo mfanyakazi amelipwa.

Athari za pengo hilo zilionekana Machi 2024, wakati jukwaa la Remotasks, linalomilikiwa na Scale AI ya Marekani, lilipositisha shughuli zake nchini Kenya. Wafanyakazi, ambao wengi walikuwa wakiweka alama kwenye picha na data nyingine za kufunzia mitambo ya akili unde, walipata habari kwa barua pepe. Hapakuwa na afisi ya kwenda kubisha wala meneja wa kuulizwa.

Hali ya wafanyakazi waliokuwa wakikutana katika jengo moja jijini Nairobi ilikuwa tofauti. Waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kupitia kampuni ya Sama walijuana, walilalamika pamoja na hatimaye wakaenda kortini. Daniel Motaung aliwasilisha kesi yake mwaka wa 2022; wenzake zaidi ya 180 walifuata mwaka wa 2023; na Mei mwaka huo wachujaji maudhui waliokutana Nairobi walipiga kura kuunda chama chao. Mnamo Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Uamuzi huo ulihusu mamlaka ya korti za Kenya tu, haukusema ni nani mwenye haki katika madai yenyewe, lakini ulikipiga kumbo kisingizio kwamba kampuni isiyo na afisi hapa haifikiki. Mpiga taipu wa nyumbani angeweza kuutegemea uamuzi huo siku moja. Kikwazo chake ni kwamba hawajui wenzake, na kesi ya mtu mmoja anayedai dola 40 haimlipi wakili hata nauli.

Wapo wanaoonya kwamba masharti makali yatawafukuza wateja waende India na Ufilipino. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kazi hizi huhama upesi kuliko kiwanda chochote, na kuna watu ambao kwao ndizo pekee zinazowezekana: mama mwenye mtoto mchanga, mlemavu asiyeweza kupanda matatu kila asubuhi, mhitimu aliye Lodwar ambako afisi za kuajiri ni za kuhesabika kwa vidole. Hata hivyo, kumtaka mwenye jukwaa aeleze kipimo chake cha malipo, atoe sababu anapokataa kazi, alipe kwa tarehe iliyotajwa na ampe mtu notisi kabla ya kumfungia akaunti, hakumpandishii mteja bei kwa kiasi cha kumfanya atoroke. Huko ni kuuweka mzani mahali unapoonekana.

Kuna tishio jingine lisilongoja bunge. Programu za kusoma maandishi kwenye picha zimekuwepo kwa miaka, na Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa bila malipo programu iitwayo Whisper, inayogeuza sauti kuwa maandishi. Kunakili kutupu kunapungua thamani. Kinachosalia ni kusahihisha makosa ya mashine, na bei yake huwa ya chini kwa dai kwamba mashine imekwisha kufanya sehemu kubwa. Wachumaji wa Kericho, ambao nao wamekuwa wakilalamikia mashine za kuchuma chai, wangeielewa hali hii bila kufafanuliwa. Mafunzo yanayompimia kijana kasi ya vidole pekee yanamwandaa kwa soko linalonyauka.

Mashine nazo zina pao pa kushindwa. Mazungumzo ya Wakenya, ambapo sentensi huanza kwa Kiswahili, ikapitia Sheng' na kutua kwa Kiingereza, huzisumbua mno. Kidholuo na Kiluhya ndizo lugha zilizoshughulikiwa pamoja na Kiswahili katika Kencorpus, mradi wa watafiti wa vyuo vikuu vya humu nchini wa kukusanya matini na sauti. Kazi kama hiyo humtaka mtu anayeijua lugha tangu utotoni, na mshindani wa Manila hawezi kuifanya kwa bei yoyote.

Mteja mkubwa zaidi wa kazi ya taipu, hata hivyo, huenda asiwe ng'ambo. Majaji na mahakimu wa Kenya kwa miongo mingi wameandika mienendo ya kesi kwa mkono. Hospitali za kaunti zina faili zilizorundikana hadi darini, na masjala za ardhi vivyo hivyo, licha ya mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi. Nyaraka hizo haziwezi kusambazwa ovyo majumbani, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mgonjwa au mdaawa ambaye habari zake zimo. Zinahitaji chumba chenye usimamizi, na vituo vilivyoahidiwa katika wadi, vikikamilika, vinaweza kuwa chumba hicho. Kandarasi zake zikitangazwa, masharti ya zabuni yangeweza kutaja, pamoja na fedha zitakazolipwa kampuni itakayoshinda, kiasi kitakachomfikia mpiga taipu kwa kila ukurasa, na ni nani atakayezihesabu kurasa hizo.