Mwarobaini Haukatazwi, Lakini Chanjo Iko Wapi?

Wenzetu mlioko Kismayo na visiwani, Mombasa, Dadaab na Kakuma, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: leo tunaongea habari ya kuku. Ndiyo, kuku.

Kijana akiambiwa aanze biashara ndogo, kuku wa nyama hutajwa mwanzo. Si ajabu. Uvuvi unataka chombo na nyavu, lakini kifaranga wa siku moja anafika sokoni kwa wiki 5 au 6. Shida ni kwamba ndani ya wiki hizo hizo kideri au Gumboro ikiingia bandani, asubuhi unaokota mizoga, na mkopo uko palepale.

Ndiyo maana watu wanashika kilicho karibu: majani ya mwarobaini, mzunze, kitunguu thomu, habasoda. Sisi hatucheki. Nani kati yetu hakunyweshwa mwarobaini akiwa na homa? Hata wataalamu wanachunguza mimea hii, hasa tangu Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006. Majani makavu ya mzunze yana protini na vitamini. Kitunguu thomu na habasoda vimejaribiwa kwenye chakula cha kuku, na baadhi ya majaribio yalionyesha kinga na ukuaji mzuri zaidi. Mengine hayakuonyesha tofauti.

Msimamo wetu ni huu: majani ni nyongeza ya chakula, si badala ya chanjo. Kideri ni kirusi. Antibiotiki haikiui, na hakuna jani lililothibitishwa kukizuia kama chanjo inavyokizuia. Mafunzo yanayomfundisha kijana kusaga mwarobaini bila kumfundisha chanjo yanampeleka baharini bila kasia.

Tunajua jibu tutakalopewa: chanjo inataka friji, na friji inataka umeme. Kweli, chanjo nyingi huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Lakini ipo chanjo ya kideri iitwayo I-2, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Inavumilia joto kuliko zile nyingine, na kuku hutiwa tone moja tu jichoni. Tanzania wanaitengeneza wenyewe, pale Kibaha. Na wavuvi wetu wanajua kazi ya barafu. Sanduku linalopeleka samaki Kismayo, likioshwa vizuri, haliwezi kurudi Chula au Koyama na chupa ya chanjo?

Kambini kuna mtego mwingine. Maji ya bomba mara nyingi yametiwa klorini, na klorini inaua chanjo ya kunywesha. Mtu anachanja, kuku wanakufa, halafu anasema chanjo ni uongo, bora mwarobaini. Dawa yake ni ndogo: tumia maji yasiyo na klorini, au koroga kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Siku hiyo usitie mwarobaini majini, maana ni mchungu na kuku hawatakunywa vya kutosha.

Anayetaka majani, basi atumie kwa kipimo. Yakaushwe kivulini, yasagwe, yapimwe kwa mizani: gramu chache kwa kilo ya chakula, si konzi kwa konzi. Mwarobaini ukizidi, kuku wanapunguza kula, na kuku wa nyama asiyekula ni hasara. Tena gawa vifaranga makundi mawili, wote wamechanjwa, kundi moja lipate majani. Andika uzito kila wiki na waliokufa. Hapo tutakuwa na la kusema kwenye mkutano, si "nimesikia".

Kwa mashirika tunaomba mambo matatu. Msigawe vifaranga kabla ya kupanga chanjo. Chagueni vijana wawili watatu kila mtaa wafundishwe kuchanja, walipwe kidogo kwa kazi yao. Na mkipeleka mradi visiwani, panganeni na safari za mashua, si na kalenda ya ofisi.

Dawa za wazee wetu tunaziheshimu. Tusizitwike mzigo ambao si wao, kisha kuku wakifa tukazilaumu. Mwarobaini ukae kwenye chakula, chanjo ikae jichoni, na kijana alipe mkopo wake.