TAMKO LA CHAMA KUHUSU WAGENI NA UNUNUZI WA BUNDUKI ZA KUWINDIA

Chama cha wawindaji na wamiliki halali wa silaha wakazi wa Upanga, Dar es Salaam, baada ya Halmashauri yake kukaa na kulitafakari suala hili, kinatoa tamko lifuatalo kwa umma, kwa wageni wanaoitembelea nchi na kwa mamlaka zinazohusika.

1. Familia nyingi za Upanga zina ndugu ng'ambo. Kila likizo hupokea wageni kutoka Toronto, Leicester, Muscat na kwingineko, na baadhi yao wamelelewa na wazee waliokuwa wawindaji. Kwa sababu hiyo Chama huulizwa mara kwa mara iwapo mgeni aliye matembezini anaweza kununua bunduki ya kuwindia, akaitumia, kisha akaondoka nayo au akamwachia mwenyeji wake. Majibu yanayotolewa barazani ni mepesi kuliko sheria yenyewe.

2. Silaha nchini husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Chini ya sheria hiyo, leseni hutangulia na bunduki hufuata. Hata raia, mwenye nyumba na ajira inayojulikana, hapewi silaha kwa kuwa ana fedha. Maombi yake huanzia mtaani kwake, hupita katika kamati za ulinzi na usalama, na mwenendo wake huchunguzwa na Jeshi la Polisi. Mgeni mwenye viza ya matembezi hawezi basi kuingia dukani, akalipa na kutoka na bunduki begani.

3. Uwindaji nao una sheria yake, ambayo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Mtalii huwinda katika kitalu, kupitia kampuni yenye kibali, akiongozwa na mwindaji bingwa. Akitaka kutumia bunduki yake mwenyewe, huiingiza kwa kibali cha muda, hukaguliwa na polisi anapoingia, na huiondoa nchini safari inapokwisha. Asiyekuja na bunduki hutumia ile ya kampuni, chini ya usimamizi huo huo. Njia halali ipo, na haipiti kwa dalali.

4. Adhabu ni nzito. Anayekamatwa na silaha bila leseni hushtakiwa chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya mwaka 2015, kikisomwa pamoja na Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Kifungo kwa makosa ya uhujumu uchumi huanzia miaka 20 na kinaweza kufika 30. Mwenyeji aliyemtunzia mgeni bunduki kabatini asidhani kwamba undugu utapokewa kuwa utetezi mahakamani.

5. Mipaka haiheshimu leseni ya jirani. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haijaufungua hadi leo. Mtu akivuka Namanga na bunduki iliyo halali upande mmoja, uhalali huo unabaki nyuma yake. Kwa sababu silaha ndogo zimewaumiza watu wengi katika ukanda huu, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004, zikikubaliana kudhibiti utengenezaji, uingizaji na umiliki wake.

6. Wapo wanaotaja Marekani kuwa mfano wa nchi isiyo na vizuizi. Mfano huo haufai. Huko nako mgeni mwenye viza ya muda amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki, isipokuwa awe miongoni mwa waliosamehewa, mathalani mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Akiisha kuipata bunduki, kuitoa Marekani kunadai utaratibu wa huko, na kuiingiza Tanzania kunadai kibali cha hapa. Risiti ya duka haifungui milango hiyo miwili.

7. Msimamo wa Chama ni huu: haki ya kumiliki silaha ni dhamana anayopewa mtu na nchi anayoishi, baada ya nchi hiyo kumjua. Mgeni hajajulikana, na kutojulikana huko si aibu wala si tuhuma. Ni sababu ya kutosha ya kumnyima umiliki na kumpa matumizi yenye usimamizi. Anayeliita sharti hili ubaguzi amesahau kwamba raia naye huchunguzwa.

8. Kuhusu silaha za marehemu, Chama kinasisitiza kwamba bunduki hairithiwi kama saa ya ukutani. Msimamizi wa mirathi aikabidhi polisi, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Kumpa mjukuu aliyekuja likizo bunduki ya babu yake kuwa ukumbusho ni kumpa kesi.

9. Kwa hiyo Chama kimeazimia yafuatayo:

(a) Hakuna mwanachama atakayemnunulia mgeni bunduki wala risasi, atakayemwazima silaha yake, au atakayeandikisha kwa jina lake silaha iliyolipiwa na mtu mwingine. Atakayekiuka atafutwa uanachama na mamlaka zitaarifiwa.

(b) Chama kinaziomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Wizara ya Maliasili na Utalii na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania kutoa mwongozo mmoja, kwa Kiswahili chepesi, unaoeleza hatua zote za mgeni mwindaji, na kuupeleka kwenye balozi zetu na viwanja vya ndege.

(c) Chama kinawataka wafanyabiashara wenye leseni ya kuuza silaha, ndani na nje ya Kariakoo, kumrudisha mteja asiye na karatasi kamili, hata akiletwa na mtu wanayemheshimu.

(d) Chama hakiombi sheria ilegezwe. Kinaomba ieleweke kwa wote na isimamiwe bila upendeleo.

10. Chama kinawasihi wenyeji wote wa Upanga wawaeleze wageni wao haya kabla hawajakata tiketi. Mgeni anayetaka kuwinda anakaribishwa, mradi bunduki yake iingie kwa kibali na iondoke kwa kibali. Asiyekubali sharti hilo asiwinde.

Limetolewa kwa niaba ya wanachama na Halmashauri ya Chama, Upanga, Dar es Salaam.