Samaki wa Ziwani Wapewe Kitabu Chao

Mtoto wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu, huona omena wakianikwa juani kila siku. Akiuliza kwa nini omena huvuliwa usiku wa giza, mama yake yumo katika kupima na kuuza, hana wasaa wa kumjibu. Kitabu cha kumjibu nacho ni shida kukipata. Alivyozoea kuviona ni vya sungura mjanja na fisi mlafi.

Hadithi hizo hatuzidharau. Marehemu Asenath Bole Odaga, aliyeanzisha shirika la Lake Publishers mjini Kisumu mwaka 1982, alifanya kazi kubwa ya kuwaandikia watoto hadithi za kwao. Lakini sungura wa hadithi hamwelezi mtoto sungura wa porini anavyoishi. Hapo ndipo tunapohitaji kitabu cha picha kisemacho kweli ya viumbe.

Na kweli ya ziwa ina ladha kama hadithi. Ichorwe taa juu ya maji, wadudu wakivutwa na mwanga, omena wakiwafuata, na wavu ukiwangoja. Mtoto wa Pwani, ambaye wazee wake huvua dagaa kwa taa, ataelewa mara moja. Achorwe mama ngege aliyebeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe. Kisha achorwe mbuta, awezaye kuwa mzito kuliko mtu mzima, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 akawala samaki wadogo waitwao fulu, hata aina nyingi zikatoweka.

Jambo hili si la mchezo. Ngege wa asili amekuwa adimu mno katika ziwa kuu. Amesalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, huko Siaya. Mtoto asiyemjua hataliona pengo lake, na akiwa mvuvi kesho hatamhurumia.

Tunajua picha za rangi ni ghali, na mzazi mwenye shilingi chache hutanguliza kitabu cha mtihani. Basi na tuanze kwa wino mweusi. Wachoraji wapo, wavuvi wenye elimu ya ziwa wapo, na walimu wapo. Wachapishaji wawakutanishe.

Sisi tuliolelewa chuoni tulifunzwa kwamba kuzingatia viumbe ni njia ya kumjua Muumba. Mtoto wa leo naye afunguliwe mlango huo mapema. Samaki mkunje angali mbichi.