Nani Kakuambia Mimi Ni Farumi?

 

Mwezi huu nakupeleka mbali kidogo, Texas, kwenye Ziwa Travis, nje ya mji wa Austin. Dada yangu na shemeji wanaishi huko kikazi, na shemeji keshapata ugonjwa wa boti. Si boti ya kuvulia samaki. Ni boti ya mchezo wanaouita weiksafingi: unasimama juu ya ubao nyuma ya boti, unavutwa kwa kamba fupi ya kama mita 6, ukishashika mwendo unaitupa kamba na kubaki unateleza kwenye wimbi lenyewe, mikono mitupu, kama umebebwa na jini. Boti inakwenda polepole tu, kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Bodaboda ya Mwenge ingeipita huku dereva anaongea na simu.

Sasa wimbi hilo halijileti. Boti tupu inaacha kijiwimbi cha kuogeshea bata. Ili upate wimbi la kubeba mtu mzima, lazima boti izame zaidi majini, na ili izame, lazima uitie uzito. Wazee wetu wa Pwani wana neno lake: farumi. Jahazi likirudi tupu bila shehena walikuwa wakilitia mawe au mchanga tumboni lisiyumbe. Tofauti ni kwamba nahodha wa jahazi anatia farumi ili chombo kitulie sawa, na hawa wa Texas wanatia ili chombo kilale upande.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanzia.

Boti inapokwenda taratibu hivyo, inayasukuma maji pembeni na kuacha shimo nyuma yake. Maji ya kushoto na ya kulia yanakimbilia kuliziba, yanakutana, na hapo wimbi linazaliwa. Yakikutana sawasawa, pande zote mbili zinakuwa na povu na hakuna pa kutelezea pa maana. Ukiilaza boti kushoto, wimbi la kushoto linakuwa safi, refu, laini kama shuka lililopigwa pasi, na la kulia linabaki povu tupu. Boti mpya, tangu Malibu na Nautique walipotoa mitambo yao mwaka 2012 na 2013, zina vibao nyuma vinavyochelewesha maji ya upande mmoja, kwa hiyo unazipakia uzito sawa pande zote na kuchagua upande kwa kubonyeza kitufe. Shemeji yangu hana kitufe. Boti yake ni ya mwaka 2006, ya mkono wa pili, na kitufe chake ni watu.

Na mifuko ya maji. Ule mkubwa unabeba lita 340, yaani kilo 340, sawa na watu watano wa kilo 68. Anauweka kona ya nyuma kushoto. Mdogo wa kilo 180 anauweka mbele, kwa sababu uzito ukiwa wote nyuma wimbi linakuwa refu kwenda juu lakini fupi, linakutema haraka. Ukiongeza kidogo mbele linarefuka na kutulia. Hilo ni jambo la kujaribu na kurekebisha, kama chumvi kwenye mchuzi. Mtu mmoja tu akihama kutoka mbele kwenda kona ya nyuma, wimbi linabadilika na unaliona kwa macho.

Jumamosi hiyo tulikuwa watu tisa. Mimi na mume wangu, wenyeji wetu, mtoto wao, na rafiki zao wanne wa kazini. Shemeji ndiye wa kwanza kuingia majini, rafiki yake mmoja yuko kwenye usukani. Wimbi likagoma kidogo. Shemeji, kichwa juu ya maji, akapaza sauti, “Mama watoto! Hama kule mbele, kaa kona ya kushoto. Wewe ndio kilo zetu!”

Watu wakacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Dada akahama. Wimbi likasimama vizuri kweli, shemeji akateleza dakika nzima, akashangiliwa. Dada alikuwa anatazama maji. Wanawake mnaosoma hapa mnaujua utazamaji huo. Mtu hajakasirika, hajalia, yuko tu anahesabu.

Ujue dada alijifungua miaka miwili iliyopita na uzito ule haujamwacha. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia. Shemeji anajua, ndiye anayemfungulia mlango akirudi na jasho. Na bado neno lile lilimtoka mbele ya wafanyakazi wenzake. Kaka zangu, mimi sisemi kwamba mna roho mbaya. Nasema mnaposhughulika na mitambo, mkeo naye anageuka kifaa.

Ikafika zamu ya dada. Na yeye anaupenda mchezo huu, si kwamba analazimishwa. Ila husimama mguu wa kulia mbele. Mumewe husimama mguu wa kushoto mbele. Kwa kawaida wa mguu wa kushoto mbele huteleza upande wa kushoto wa boti, maana kifua chake kinaliangalia wimbi. Wa mguu wa kulia mbele anataka upande wa kulia. Ukimweka kushoto anakuwa amelipa wimbi mgongo, na kwa anayejifunza hiyo ni kama kupika umefunga macho.

Dada akaomba mfuko uhamishwe. Pampu yao ni ya lita 3,000 kwa saa: dakika 7 kuumwaga, dakika 7 kuujaza tena upande wa pili. Dakika 14, wala si safari ya Mtwara. Shemeji akasema, “Aa, muda wote huo? Jaribu hivi hivi tu, utazoea.”

Akajaribu hivi hivi. Akaanguka mara nne. Mara ya tano akapanda mwenyewe, akajifuta, akasema amechoka. Ndipo nikamuuliza kwa sauti ya chini, hivi toka mnunue boti hii mmewahi kuilaza kulia? Akanijibu, “Mwaka wa tatu huu. Sijawahi kuona wimbi langu.”

Nikanyamaza, maana nilijua sasa hatuongelei boti.

Mchana rafiki mmoja akataka wimbi refu zaidi, kwa hiyo watu watatu wakatumwa wakakae mbele kabisa, juu ya ule mfuko wa kilo 180. Tulipomaliza mzunguko, dereva akageuza boti ghafla kurudi kumfuata aliyeanguka, tukakutana uso kwa uso na mawimbi yetu wenyewe. Pua ya boti ilikuwa nzito, haikunyanyuka. Maji yakaingia kwa mbele kama mtu kamwaga beseni, mara ya kwanza, mara ya pili. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni. Kwa sekunde chache maji yalimfika kifuani, jaketi okozi limempanda mpaka masikioni, anaita mama. Dada alishamnyanyua kabla sisi wengine hatujaelewa kinachoendelea.

Pampu ya kutoa maji ilifanya kazi, simu mbili zilikufa, hakuna aliyeumia. Ila kimya kilitawala.

Na hapo dada ndipo aliposema, bila kupandisha sauti: “Baba watoto, kilo zote za boti hii unazijua. Za mifuko unazijua, zangu unazijua. Hukuhesabu watu waliokaa mbele.”

Alikuwa sahihi kihesabu kabisa. Maji ya farumi ni uzito kama uzito mwingine. Boti inakuwa na kiwango chake cha watu na mizigo, na ukishaijaza maji kilo mia tano na ushee, wale watu tisa wanaoruhusiwa hawawi tena tisa. Wengi wanahesabu abiria, wanasahau maji. Ukitaka kupunguza mwendo, punguza taratibu, na mbele pasiwe pazito. Na mambo mengine mawili ambayo hayana mjadala: mchezo huu hauchezwi nyuma ya boti ambayo pangaboi lake limejitokeza nyuma, maana anayeteleza yuko karibu mno. Boti yenyewe iwe na pangaboi chini ya tumbo. Na hakuna mtu kuning’inia nyuma kwenye ubao wa kupandia wakati injini inaunguruma. Moshi wa ekzosi unatokea pale pale, na ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Unahisi usingizi tu, unaachia mkono.

Usiku ule walizungumza. Sikusikiliza mlangoni, nyumba za kule kuta zake ni mbao tu. Nilisikia shemeji akisema “sikujua,” na dada akijibu “hukuuliza.” Baadaye nikasikia kicheko kimoja kidogo, nikamwambia mume wangu alale.

Jumapili tulirudi ziwani watu sita tu. Shemeji alijaza mfuko kona ya kulia, mwenyewe, jua likiwa bado halijakolea. Na hapa kuna kituko. Kwenye boti hiyo, kama boti nyingi, usukani uko kulia, kwa hiyo uzito wa dereva tayari uko upande wa dada. Mfuko haukuhitaji hata kujaa. Miaka mitatu upande wake ulikuwa ndio rahisi zaidi kuupanga.

Alisimama mara ya tatu. Akaishikilia kamba kwa muda, akaitazama, akaitupa ndani ya boti. Nilihesabu sekunde kumi na moja. Shemeji kwenye usukani hakugeuza shingo hata mara moja, alishika mwendo ule ule kama kabeba trei ya mayai, mimi ndiye niliyekuwa nampa taarifa. Alikuwa anauliza tu, “Bado yupo? Bado yupo?”

Jioni kabla ya kuitoa boti walimwaga mifuko yote mpaka tone la mwisho. Sheria ya Texas inataka hivyo, sababu kuna kome wadogo wenye milia kama punda, waliogundulika Ziwa Travis mwaka 2017, na watoto wao wanasafiri kwenye maji yaliyobaki mpaka ziwa lingine. Dada alishika mdomo wa mfuko, shemeji akaukunja kutoka nyuma kama mtu anayekamua dawa ya meno. Siku hizi, ananiambia, kuna mgeni akipanda boti yao na kuulizwa akae wapi, shemeji anaonyesha kwa kidole tu. Neno kilo limepigwa marufuku. Na kamnunulia dada mfuko wa pili, wa kulia, rangi ya zambarau.

Mwezi ujao: mkwe kaja kwa wiki moja, na sasa ni mwezi wa tatu. Usikose!