Django yaziacha nyuma kompyuta kuukuu za Kariakoo

UAMUZI wa watengenezaji wa programu huria walio mbali na Dar es Salaam unaweza kumfikia mwenye duka la vitenge Kariakoo bila yeye kujua kuwa ulipitishwa.

Ndivyo ilivyo kwa Django, kiunzi cha programu kilichoandikwa kwa lugha ya Python, ambacho mafundi hukitumia kujengea tovuti na mifumo ya kutunza hesabu. Novemba 2023 wapenzi wake walikutana Zanzibar katika mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa. Mwezi uliofuata likatoka toleo la 5.0, lisilokubali Python iliyo chini ya 3.10.

Kwa mtazamaji wa nje hiyo ni tarakimu tu. Dukani ni suala la mashine. Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8. Kwa hiyo fundi aliyemfungia mteja programu ya stoo katika kompyuta ya mtumba yenye Windows 7, pale pale kaunta, hawezi kuvuka Django 4.2. Aliyeiweka programu katika seva ya kukodi ana nafuu, kwani hubadilisha seva peke yake.

Si haki kuwalaumu sana waamuzi. Kanuni yao ni kwamba Python fulani huendelea kukubaliwa hadi toleo la kwanza la Django la msaada wa muda mrefu ambalo ulinzi wake utakoma baada ya ule wa Python hiyo. Python 3.8 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 2024, ilhali Django 4.2 ilipangiwa kulindwa hadi Aprili 2026. Kundi ambalo wengi wake wanajitolea haliwezi kujaribu kila badiliko katika kila Python kuukuu, na Microsoft yenyewe iliiacha Windows 7 Januari 2020.

Hata hivyo, kanuni hiyo hupima kalenda, haipimi mfuko wa mwenye duka. Naye akibaki alipo, daftari lake la madeni, lenye majina na namba za simu za wateja, linabaki katika mfumo usiozibwa tena matundu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa kama hizo azilinde.

Kwa kazi mpya, Django 5.2 ya Aprili 2025 inakubali Python 3.10 na italindwa hadi Aprili 2028. Toleo la 6.0 la Desemba 2025 linadai 3.12. Fundi mwaminifu angeziandika tarehe hizo katika makadirio ya bei, kabla ya kupokea malipo ya awali.

Ipo pia njia ya kuiwekea Linux kompyuta ile ile kuukuu, ikapokea Python mpya bila kununuliwa nyingine. Kikwazo huja pale programu nyingine za duka, au mashine ya kuchapia risiti, zinapokuwa zimefungwa kwa ajili ya Windows.