Kipakatalishi: Tuulize Umri Kabla ya Bei

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida ya kuilinda na kuisasisha Windows 10, programu endeshi iliyozinduliwa mwaka wa 2015. Yamkini wengi waliipokea habari hiyo kama jambo la mafundi wa ng'ambo. Hata hivyo, athari yake inamhusu moja kwa moja mzazi wa Likoni anayekusanya shilingi moja moja ili amnunulie mwanawe kipakatalishi cha kwendea chuoni.

Sababu ni hii. Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, haikubali rasmi mashine nyingi zenye prosesa kongwe. Kwa prosesa za Intel, mpaka uliwekwa kwenye kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 2017. Kwa hivyo ofisi za Ulaya na Marekani zina mashine zinazowaka vizuri ambazo hazina tena nafasi huko. Mashine za aina hii hazitupwi zote. Baadhi husafishwa, hukarabatiwa, kisha huuzwa katika nchi kama yetu kwa jina tulilokwisha kulizoea: «Ex-UK».

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Neno «Ex-UK» linamwambia mnunuzi mashine ilikotoka. Halimwambii ina umri gani. Aidha, masikioni mwetu neno hilo limegeuka kuwa sifa, kana kwamba kuishi Uingereza kunakiongezea chombo maisha. «Kama mpya» nalo ni tashbihi. Muuzaji mwenyewe amekiri kwa neno «kama» kwamba si mpya. Na «garanti» ni ahadi, nayo ahadi haina maana mpaka ijulikane ni ya nani, ya muda gani, na inatimizwa wapi.

Tuanze na swali la wakati. Wengi wetu hungoja Novemba, mwezi wa matangazo ya punguzo. Lakini vipakatalishi hununuliwa ng'ambo kwa dola, na mabadiliko ya thamani ya shilingi yanaweza kulimeza punguzo lolote la dukani. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mashine ya dola 300 ingegharimu shilingi 48,000 katika kipindi cha kwanza na 39,000 katika kipindi cha pili, kabla ya kodi na faida. Tofauti ni shilingi 9,000, na haikutokana na ukarimu wa muuzaji yeyote.

Isitoshe, ile imani ya kwamba vyombo vya elektroniki havina budi kushuka bei kila mwaka imetikisika. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za vipande vya kumbukumbu zimepanda duniani, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili unde vinavinunua kwa wingi. Anayesubiri tu ili bei ishuke huenda akasubiri hali ikimgeuka. Kwa maoni yangu, wakati wa kununua uamuliwe na kazi. Mwanafunzi aulize kwanza idara yake: je, masomo ya muhula wa kwanza yanahitaji mashine yenye nguvu, au maabara ya chuo itamtosha kwa miezi minne? Taifa zima lina funzo katika hili. Ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za uchaguzi wa 2013. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka wa 2016 vilikuwa tableti, na ziko shule zilizovifungia kabatini kwa kukosa umeme wa kutegemewa au mwalimu aliyeandaliwa. Kalenda ya ununuzi ilikuwa ya siasa. Mahitaji ya darasa yalifuata nyuma.

Swali la pili ni mahali. Mkazi wa Likoni ana njia tatu: kibanda cha mtaani, duka la kisiwani, au muuzaji wa Nairobi anayetangaza mtandaoni na kutuma mzigo kwa basi. Bei ya Nairobi mara nyingi huvutia. Hata hivyo, Nairobi iko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Betri ikifa wiki ya tatu, nauli ya kuirudisha mashine, siku za kungoja na simu zisizopokewa vitaila ile nafuu ya shilingi elfu mbili. Upande wa pili, mtembea kwa miguu huvuka feri bila malipo. Duka lililoko Barabara ya Digo au Moi Avenue linaweza kufikiwa tena na tena, mpaka ahadi itimizwe. Tena sisi tunaishi kando ya bahari. Hewa ya chumvi na unyevu huozesha viunganishi vya chuma, kwa hivyo fundi wa karibu ni sehemu ya bei.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na atazame alama ya prosesa. Kwa Intel, katika alama kama i5-8350, tarakimu ya 8 baada ya kistari yaonyesha kizazi cha nane. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu huwa mbili. Aulize kama kumbukumbu inafika gigabaiti 8 na kama diski ni ya SSD. Aichomoe chaja, aiache mashine ifanye kazi kwa betri mbele ya macho yake. Mashine kongwe si haramu. Inaweza kutumika miaka kadhaa kwa programu za Linux zisizolipiwa. Ila iuzwe kwa bei ya ukongwe wake. Mwisho, adai risiti yenye nambari ya utambulisho ya mashine na muda wa garanti, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini si haki mzigo wote kumwachia mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ilhali masharti ya garanti huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na kwa herufi za mchwa. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likizidi umri wa miaka minane, na kila mnunuzi wa gari hujua kuuliza mwaka. Kwa nini kipakatalishi kilichotumika kisibandikwe kibandiko chenye mwaka wa kutengenezwa na masharti ya garanti, kwa Kiswahili chepesi?

Wafanyabiashara watasema hatua hiyo itawanyima maskini mashine za bei nafuu. Sikubaliani nao. Kibandiko hakipigi marufuku kitu; kinamwezesha maskini kujua anachokilipia. Mwenye pesa akinunua mashine mbovu atanunua nyingine. Mwana wa mvuvi wa Mtongwe hununua mara moja tu katika miaka minne ya chuo. Walimu wenzangu, tuanze darasani: kila mwanafunzi wa kidato cha nne ajue kuisoma alama ya prosesa na risiti ya duka kabla hajakabidhiwa akiba ya wazazi wake avuke nayo feri.